Goti la Panya na Goti la Bibi

Kama uko shambani unapalilia na redio umeitundika kwenye tawi, endelea na kazi. Mazungumzo haya hayamlazimishi mtu kukaa. Ila kama ni goti lililokukalisha nyumbani asubuhi hii, basi leo nazungumza na wewe hasa.

Mkoa wetu wa Simiyu, tangu ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, unasifika kwa pamba. Nenda Maswa, pita Itilima, shuka Meatu, zunguka Busega hadi ziwani, rudi Bariadi: pamba. Tunaipima kwa kilo, tunaipima kwa bei ya chama cha ushirika, AMCOS, na msimu ukiwa mzuri tunaipima kwa mabati na pikipiki. Kwa magoti hatujawahi kuipima. Mbegu inafukiwa mtu akiwa ameinama, palizi ya kwanza kuinama, ya pili kuinama, na wakati wa kuchuma mgongo hauko juu wala hauko chini, uko katikati, kutwa nzima. Jioni mama yule yule anakwenda kisimani, na ndoo ya lita 20 haipandi kichwani kwa miujiza. Utafiti wa miaka mingi, katika nchi nyingi, umeonyesha kwamba kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito mwaka baada ya mwaka kunaongeza hatari ya goti kusagika, na kwamba wakulima wanasagika nyonga kuliko watu wa kazi za mezani.

Hesabu ya dunia ya mwaka 2020 ilifikia watu milioni 595 wenye ugonjwa huu wa maungio kusagika. Hapa nchini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow wakishirikiana na wenzao wa hospitali ya KCMC, Moshi, waliingia vijijini wilayani Hai kuwachunguza watu viungo huko huko wanakoishi, maana ukiwasubiri hospitalini utawakosa wengi. Anayeumwa goti ndiye asiyeweza kutembea hadi kituo cha afya. Hilo halihitaji profesa.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbali. Si kila kiungo kinachouma kimesagika. Huku kwetu kwenye mifugo kuna brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi au kwa kumhudumia ng'ombe aliyetupa mimba, nayo huleta homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo. Kuna jongo. Mtoto anayelia mifupa huenda ana selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa. Kuna maeneo ya nchi hii, ukanda wetu wa Shinyanga na Simiyu ukiwemo, ambako maji ya visima yana madini ya floraidi kupita kiasi, na floraidi nyingi kwa miaka mingi haiishii kwenye meno. Kwa hiyo vipimo kwanza. Mimi leo nazungumzia goti lililosagika kwa umri, kwa kazi na kwa majeraha ya zamani.

Swali linalokuja studio mara kwa mara ni hili: kwani hakuna dawa ya kuuzuia ugonjwa huu usiendelee? Wanaouliza hawamaanishi ya kutuliza maumivu. Hizo wanazijua kwa majina na kwa rangi za maboksi. Wanataka ya kuuzuia.

Jibu fupi ni kwamba kwa binadamu bado haipo. Hakuna hata moja ambayo mamlaka za dawa za Marekani au Ulaya zimeiidhinisha kwa kazi hiyo. Kwa panya, zipo tele. Panya wamezuiwa magoti yao yasisagike kwa dawa za kila namna: za kisukari, za mifupa, za bakteria, za mitishamba, na nyingine zilizotengenezwa makusudi. Panya anapona, anaandikwa kwenye jarida, watu wanapongezana. Kisha dawa ile ile anapewa mwanamke wa miaka 60, na hakuna kinachotokea. Nataka tuone kwa nini inakuwa hivyo, kwa sababu sababu zenyewe zinamhusu bibi wa Itilima kuliko zinavyomhusu panya.

Tuanze na goti lenyewe. Ncha za mifupa inayokutana pale zimevikwa gegedu, ile ngozi nyeupe inayoteleza unayoikuta kwenye mfupa wa mbuzi ukiwa unakunywa supu. Kwa ndani gegedu ni kama pamba iliyoloa: nyuzi zimesokotana na maji yamenaswa katikati yake, ukikanyaga yanakamuka, ukinyanyua mguu yanarudi. Nyuzi zile zinaitwa kolajeni, na kinachoyanasa maji ni protini kubwa iitwayo agrikani. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichanika halijiungi vizuri. Halina pia mishipa ya fahamu. Yaani gegedu lenyewe haliumi! Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, na utando unaozunguka kiungo, na misuli iliyochoka kubeba. Hilo la gegedu kutouma liweke akilini, tutalihitaji mbele.

Sasa, gegedu halisagiki kwa msuguano peke yake. Linaliwa. Chembe hai zilizomo ndani yake, zikishaumizwa au zikishazeeka, zinatoa vimeng'enya vinavyokata zile nyuzi na ile agrikani. Wanasayansi walipolijua hilo walisema, basi, kazi ni rahisi: mtafute mkataji, mfunge mikono. Mwaka 2005 Sonya Glasson na wenzake katika kampuni ya Wyeth huko Marekani walichapisha kwenye jarida la Nature habari ya panya waliozaliwa bila kimeng'enya kimoja kiitwacho ADAMTS5. Walipowafanyia upasuaji wa kuharibu goti, gegedu lao lilistahimili kuliko la panya wa kawaida. Kundi jingine la watafiti lilitoa matokeo yale yale, katika jarida lile lile, mwaka ule ule. Mkataji alikuwa amekamatwa.

Huo upasuaji wenyewe Glasson aliueleza kwa kirefu mwaka 2007, na hadi leo maabara nyingi zinaufuata. Unamchukua panya wa wiki kama 10, unampa dawa ya usingizi, unakata kano moja ndogo inayoshikilia kipande chenye umbo la mwezi mchanga katikati ya goti. Kipande kinalegea, goti linayumba, na baada ya wiki 8 gegedu limeanza kuchakaa. Nusu ya panya wanapewa dawa, nusu hawapewi. Mwisho wote wanauawa, magoti yanakatwa vipande vyembamba, yanatiwa rangi, na mtu anakaa kwenye darubini anatoa alama.

Simcheki anayefanya kazi hiyo. Bila panya huyu tusingejua kwamba gegedu linaliwa, tungekuwa bado tunasema limechakaa kwa sababu ya uzee, basi. Na Watanzania hatuwezi kumdharau panya: wale panya buku wanaofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamenusa mabomu ya ardhini Msumbiji na wananusa kifua kikuu kwenye makohozi. Tatizo liko kwenye hatua ya pili, pale tunapotoka kwa panya kwenda kwa mtu.

Basi kidonge cha kumfunga mikono ADAMTS5 kikatengenezwa, na kampuni mbili, Galapagos ya Ubelgiji na Servier ya Ufaransa. Kwenye wanyama kilifanya kazi. Jaribio la binadamu likapewa jina la ROCCELLA, likaandikisha wagonjwa 932 wa magoti, wakameza vidonge kwa wiki 52, wengine vyenye dawa na wengine vitupu, wasijue nani kapewa kipi. Oktoba 2020 matokeo yakatangazwa: hakuna dozi hata moja iliyolilinda gegedu kuliko kile kidonge kitupu. Miaka 15 tangu panya wa Nature, na biashara ikafungwa.

Hicho ni kisa cha kidonge ambacho hakuna duka la Bariadi lililowahi kukiuza. Kuna kingine kinachonigusa zaidi, kwa sababu dawa yake ipo kwenye kila duka la dawa muhimu kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi. Ni doksisaikilini. Ndiyo, doksi hiyo hiyo tunayoijua.

Marehemu Kenneth Brandt alikuwa daktari wa viungo Indiana, Marekani, aliyekaa miaka mingi na mbwa waliokatwa kano ya goti. Mtindo huo wa mbwa ulielezwa na Pond na Nuki mwaka 1973, na Brandt aliwafuatilia baadhi ya mbwa wake hadi miezi 54. Uvumilivu wa namna hiyo siku hizi ni adimu. Kulikuwa na dalili kwamba doksi, mbali na kuua bakteria, inavizuia vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Mwaka 1992 kundi lake lilichapisha kwamba mbwa waliopewa doksi walipata madhara madogo sana kwenye sehemu ya goti inayobeba uzito, wakati wenzao wasiopewa gegedu lao liliharibika vibaya. Wala haikuwa dawa ya bei mbaya. Fikiria ingefanya kazi kwa watu!

Brandt hakuishia kwenye kufikiria. Akaandikisha wanawake 431 wenye uzito mkubwa, wa umri wa miaka 45 hadi 64, ambao goti moja lilikuwa limeshaonyesha ugonjwa kwenye eksirei. Nusu wakapewa doksi miligramu 100 mara mbili kwa siku, nusu vidonge vitupu, kwa miezi 30. Matokeo yakatoka mwaka 2005. Kwenye lile goti bovu, ile nafasi kati ya mifupa inayoonekana kwenye picha ilikuwa imepungua kwa kasi ndogo zaidi kwa waliomeza doksi: tofauti ya asilimia 40 ilipofika miezi 16, na asilimia 33 ilipofika miezi 30. Yaani mbwa walikuwa wamesema kweli.

Lakini maumivu hayakutofautiana. Aliyemeza doksi na aliyemeza kidonge kitupu waliumwa sawasawa. Na goti la pili, lile ambalo lilikuwa bado zima au karibu zima, ambalo ndilo hasa ungetaka dawa ya kuzuia ilikinge, halikukingwa. Baadaye, mwaka 2011, Waholanzi waliwajaribu wagonjwa 232 kwa wiki 24: maumivu hayakupungua kuliko kwa kidonge kitupu, na waliodhurika na dawa walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo asikudanganye mtu ukanunue doksi kwa ajili ya goti. Utawafundisha bakteria ujanja bure, na siku ukiihitaji kwa kazi yake haitakusikia.

Sasa rudi kwenye lile nililokuomba uliweke akilini. Gegedu haliumi. Kwenye maabara mshindi ni anayeliokoa gegedu. Nyumbani mshindi ni anayeweza kwenda chooni usiku bila kushikwa mkono. Mashindano haya mawili yamechukuliwa kuwa moja kwa miaka mingi mno, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha nyingi zilipozama kuliko mahali pengine popote.

Yako mengine. Panya wa wiki 10 ni kijana. Bibi ana miaka 68. Panya wanaotumiwa kwa upasuaji ule mara nyingi ni madume, kwa sababu majike magoti yao hayaharibiki haraka na watafiti wanataka matokeo ya haraka. Kwa binadamu ni kinyume: wanawake ndio wanaoumia zaidi, hasa baada ya kukoma hedhi. Gegedu la goti la panya lina unene wa kama sehemu moja ya ishirini ya milimita, chembe chache tu zilizopangana, na dawa inalipenya mara moja. La mtu lina milimita mbili na zaidi. Kisha kuna suala la muda. Wale mbwa wa doksi walianzishiwa dawa mara tu baada ya upasuaji, kabla ugonjwa haujashika. Nani kati yetu aliwahi kwenda hospitali kabla goti halijauma? Mama anakwenda hospitali ya Somanda baada ya miaka 10 ya kusugua dawa ya kuchua, na picha ikipigwa mifupa imeshagusana.

La mwisho katika haya ni la uaminifu wa kawaida. Anayetoa alama kwenye darubini anapaswa asijue panya yupi alipewa dawa, na panya wanapaswa wagawanywe kwa bahati nasibu. Tafiti nyingi za wanyama hazikuwa zikisema kama zilifanya hivyo, hadi mwaka 2010 yakatolewa maelekezo yaitwayo ARRIVE ya kuwataka watafiti waandike wazi. Mtu akiijua dawa yake, jicho lake huipendelea. Hata kwenye mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vinavyoshindana vya Usukumani, hakuna anayemwachia Mgika kuwa mwamuzi.

Na kuna tofauti ya mnyama na mnyama ambayo haina huruma. Diklofenaki unaijua, wazee wa magoti wanaila kama karanga. Bara Hindi walikuwa wakiwapa ng'ombe pia, na ng'ombe walipata nafuu. Ng'ombe wakifa, tumbusi wanakula mizoga. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistani walionyesha kwamba kiasi kidogo cha dawa hiyo kilichobaki kwenye nyama kilikuwa kinaua figo za tumbusi, nao walikuwa wamekufa kwa mamilioni. India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Sisi tunaopakana na Serengeti tunao tumbusi wetu wa kuwafikiria, na nasema hivyo kwa mfugaji yeyote anayemchoma maksai wake sindano aliyonunua mtaani. Kwa binadamu pia figo si salama sana na diklofenaki ya kila siku, wala tumbo. Kama unaimeza mwezi wa tatu sasa bila daktari kujua, na una presha, hilo litangulie kabla ya yote niliyosema leo.

Wapo watafiti wanaosema tuachane na mnyama aliyekatwa, tumtafute mnyama mwenye ugonjwa wake mwenyewe. Mimi niko upande wao. Simbilisi, wale wanyama wadogo ambao Njombe na Iringa wanafugwa kwa kitoweo, wana aina moja ya maabara ambayo magoti yake yanasagika yenyewe kadiri mnyama anavyokua na kunenepa. Mbwa wa Ulaya na Marekani wanazeeka na kuchechemea, na wenye mbwa wanakubali waingizwe kwenye majaribio kama wagonjwa, wakitibiwa na kurudi nyumbani. Farasi wa mbio wanavunjika magoti ya mbele wakiwa wadogo, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado (Colorado State) kina watu waliotumia miaka mingi kwenye viungo vyao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata dawa ndani yake. Kwenye kisiwa cha Isle Royale, Marekani, wanaishi moose, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu. Rolf Peterson na wenzake wameokota mifupa yao kwa miaka 50, mizoga zaidi ya 1,000. Mwaka 2010 walionyesha kwamba waliozaliwa miaka ya njaa, wakakua wadogo wa mwili, ndio waliopata zaidi nyonga zilizosagika uzeeni. Kwa hiyo njaa ya utotoni inaweza kukaa ndani ya kiungo ikisubiri. Anayejua miaka ya ukame ya Usukumani atanyamaza kidogo hapo. Katika majaribio ya dawa mgonjwa anaulizwa umri na uzito; sijasikia anaulizwa alikula nini akiwa na miaka miwili.

Basi tumtazame maksai. Amevuta plau tangu akiwa na miaka mitatu au minne, kwenye udongo mzito wa mbuga, ule unaogandamana mguuni mvua ikinyesha. Amekula vizuri mwaka huu na vibaya mwaka ujao. Amefanya kazi pamoja na huyo bibi na mumewe, shamba lile lile, msimu ule ule. Sioni mnyama anayelikaribia goti la Simiyu kuliko yeye, na punda wa kubeba maji anamfuata. Maabara za dunia tayari zinatumia gegedu la ng'ombe wa machinjioni: wanalikata vipande, wanaliweka kwenye sahani, wanalijaribia dawa. Mara nyingi linatoka kwa ndama au ng'ombe mchanga. Maksai wetu anapochoka anapelekwa mnadani, na mwisho wake ni machinjioni, magoti yakiwemo. Hakuna haja ya kumkata mnyama aliye hai, wala kugombana na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Unahitaji mwanafunzi wa Sokoine mwenye kisu, kamera na daftari la kumuuliza muuzaji: huyu alivuta plau miaka mingapi? (Na ajue kwamba goti lenyewe la ng'ombe liko mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo. Lile la mbele tunaloliita goti, ukilinganisha na mtu, ni kifundo cha mkono.) Maksai ana miguu minne na sisi miwili, na ni mnyama ghali, mwenye maisha marefu, hatachukua nafasi ya panya. Lakini kazi hiyo ingegharimu kidogo kuliko semina moja ya siku mbili yenye posho.

Wakati mwingine mnyama na mtu wanaachana katika mwelekeo usioutarajia. Kuna dawa ya sindano, tanezumab, inayozuia protini ya NGF inayozichochea neva za maumivu. Kwa watu ilituliza goti vizuri. Lakini mwaka 2010 majaribio yalisimamishwa Marekani kwa sababu viungo vya baadhi ya wagonjwa viliharibika kwa kasi ya kutisha. Yakaanza tena baadaye kwa tahadhari. Machi 2021 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani likapiga kura 19 kwa 1 kwamba faida haizidi hatari, na mwaka huo huo kampuni zilizokuwa zikiitengeneza zikaiacha. Upande wa pili, sindano ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023. Kwa hiyo leo kuna mbwa Marekani anayepata kila mwezi sindano ya goti ambayo mwenye mbwa hawezi kuipata. Ingawa hata kwa mbwa, mamlaka ya dawa ya huko imeshatoa tahadhari juu ya madhara.

Na yanayotia moyo? Yapo, madogo. Metformini, kidonge cha kisukari kinachopatikana hata huku, kilikinga gegedu la panya, na mwaka 2025 jaribio la Australia kwa watu 107 wenye uzito mkubwa lilionyesha kwamba kwa miezi 6 kilipunguza maumivu ya goti kwa kiasi cha wastani. Watu 107 ni wachache. Hiyo si ruhusa ya kuazima vidonge vya jirani. Manjano, hii ya Zanzibar tunayotia kwenye chakula, nayo imepita kwa panya kisha kwa watu: Tasmania, mwaka 2020, wagonjwa 70 waliopewa manjano yaliyokamuliwa au kidonge kitupu. Maumivu yalipungua, lakini picha za goti hazikuonyesha mabadiliko. Na kwa wanene, sindano ya semaglutide ya kupunguza uzito iliwapunguzia maumivu wagonjwa katika jaribio la watu 407 lililochapishwa mwaka 2024. Hiyo ni habari njema kwa Houston na labda kwa Masaki, Dar es Salaam. Mkulima wa Meatu mwenye kilo 52 hana cha kupunguza.

Sasa utasikia stendi, au kwenye spika ya gari linalopita mnadani: dawa ya kuotesha gegedu, dawa ya kurudisha ute, imefanyiwa utafiti. Mazungumzo yenyewe huwa ya heshima. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." "Bibi, hayo magoti nayajua, chukua chupa mbili uanze nazo." Anayeuza si lazima awe mwongo, huenda utafiti upo kweli. Muulize ulifanywa kwa nani, panya au watu? Wangapi? Kulikuwa na waliopewa kitupu? Na walipimwa gegedu au waliulizwa kama wanaumwa? Mwaka 2011 tulipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, na wengine walipita humu humu Simiyu. Simlaumu aliyekwenda. Mtu mwenye maumivu husafiri. Ila kikombe kile kilitangulia kunywewa na maelfu kabla ya kupimwa kwa mtu mmoja. Na kama dawa ya chupa inakutuliza ndani ya siku mbili kiasi cha kushangaza, kisha uso unaanza kuvimba, mwone daktari haraka: katika nchi mbalimbali dawa za mitishamba zimekutwa zimechanganywa kisirisiri na steroidi.

Goti lililokwisha kabisa linabadilishwa kwa upasuaji; MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya. Kwa waliobaki, jambo lililojaribiwa kwa binadamu wengi, na likawapunguzia maumivu na kuwarudishia mwendo, ni kuimarisha msuli wa paja. Halioteshi gegedu. Hakuna aliyethibitisha kwamba linauzuia ugonjwa. Linasaidia mtu kutembea.

Bado tuna dakika mbili. Wewe uliyekaa, sogea kwenye kiti kisichoyumba, mgongo ukiwa umeegemea. Nyoosha mguu unaouma hadi kisigino kitoke chini, goti linyooke kadiri linavyokubali. Kaza paja. Hesabu hadi tano, shusha polepole, usiuangushe. Likiuma kidogo si neno. Likivimba kesho, punguza. Mara kumi, kisha uhamie mguu wa pili, na jioni urudie. Fundi wa mitambo, niwekee ngoma ya wigashe tuhesabu nayo.